Jani la Mshelisheli Lisilokunjwa Pindo

Papa Kaukura aliendesha greda la serikali kisiwani Atiu, katika Visiwa vya Cook, tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia kulipanda, na mtu yeyote wa kijiji cha Areora atakwambia kwamba hakuna barabara ya Kaukura iliyopinda. Wapima ardhi walikuja, wakavuta kamba yao kutoka kigingi hadi kigingi, wakaenda zao. Kaukura akafuata kamba. Si kulia, si kushoto. Kuna mwaka kamba ilipita katikati ya banda la nguruwe la mchungaji, naye akapita humo humo, nguruwe wakakimbilia kanisani. "Kamba ndiyo iliyosema," aliwajibu wazee wa kanisa, akazima injini akaenda kunywa chai. Kumbuka hilo, maana ndilo lililokuja kumponza.

Alipostaafu akawa mtu wa kulima magimbi asubuhi na kulala mchana. Ijumaa alikwenda tumunu, pale wanaume wanapokaa duara chini ya paa la makuti wakizungushiana kikombe kimoja cha pombe ya machungwa na uongo wa wiki nzima. Mwenye jina katika nyumba ile hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, Mama Repeta.

Kina mama wote wa Areora hushona tivaevae, yale matandiko makubwa ya kitanda yaliyojaa maua na majani ya kitambaa, kitambaa kimeshonwa juu ya kitambaa. Lakini Repeta alikuwa mkataji, na kukata si mchezo. Nguo inakunjwa, inakunjwa tena, mkasi unaingia, na ikija kukunjuliwa ama umepata bustani ama umepata matambara. Watu walimletea vitambaa vyao hata kutoka Rarotonga, kisiwa kikubwa. Tivaevae haliuzwi; aliyewahi kuliuza la kwao hasemwi vizuri mpaka leo. Unampa mwanao siku ya harusi, anafunikwa nalo mbele za watu, na siku ya kufa kwake analala nalo kaburini. Repeta alizaa wanne, na kila mmoja alikuwa na lake, lililoshonwa na mkono wa mama yake peke yake bila kikundi cha ushonaji kugusa hata uzi. Alijivunia jambo hilo hadi watu wakachoka kulisikia.

Wa tano alikuwa Mareta, na Mareta hakumzaa. Alizaliwa Auckland, New Zealand, na binamu yake Kaukura, msichana ambaye hata kujilea mwenyewe kulikuwa kunamshinda, akaletwa kwa ndege akiwa mchanga kabisa, mkononi bado ana kile kiplastiki cha hospitali chenye jina. Mtoto wa kulea kwetu si habari. Nusu ya kisiwa imelelewa na nusu nyingine, na kila mtu anajua kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ila midomo nayo ina kazi yake.

Kwa kila mtoto aliyemzaa, Repeta alizika kitovu uani na kupanda mti juu yake. Mareta alikuja bila kitovu. Walikitupa huko huko wajuako wao. Basi Repeta akakikata kile kiplastiki, akakizika nyuma ya jiko, akapanda mshelisheli. Leo ule mshelisheli umeipita miti yote ya pale uani, na unazaa mpaka nguruwe wanaukimbia.

Halafu kiharusi kikampiga Repeta. Kilimkuta asubuhi akimwagilia maua, kikamchukua mkono wa kulia na karibu maneno yote. Yalibaki mawili, "hapana" na "chai". Kikundi cha ushonaji kilikuja kumtazama, kina mama wakaketi kumzunguka, wakatoa sindano zao kama kawaida ili apate kuchangamka. Repeta akajifunika shuka usoni. Walipofungua sanduku lake la vitambaa wachague cha kumshonea, akalia kwa sauti hadi wakalifunga. Hawakurudi tena na sindano, na mimi siwalaumu, wala yeye simlaumu. Aliyekuwa mkataji hataki kukalishwa kitini atazame mikono ya wenzake.

Miezi ikapita hivyo. Ndipo Mareta, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea huko Rarotonga, akapiga simu kwamba kijana wake ameposa, na harusi itafungwa nyumbani Atiu wakati wa Krismasi, kaka na dada zake wakiwa wote wamekuja kutoka New Zealand. Kaukura akafurahi kiasi cha kumwaga chai. Furaha yenyewe ilidumu hadi Jumapili, alipokutana na dada yake mlangoni pa kanisa. Mama Teremata alikuwa na kofia kubwa ya ukili kichwani, na ulimi wake mnaweza kuukisia.

"Hongera, kaka. Nimesikia tuna harusi."

"Ahsante, dada."

"Na tivaevae je?"

"Lipo."

"Lipo wapi? Wifi hajagusa sindano tangu augue."

"Nimekwambia lipo."

"Haya, mimi sina neno. Nachelea watu tu. Wanne wa tumboni mwake wamefunikwa, huyu wa kulea akae mbele ya kisiwa kizima mabega wazi? Watasema wifi alikuwa anahesabu. Unawajua watu."

Kaukura aliwajua sana. Watu wenyewe walikuwa wamesimama mbele yake wamevaa kofia. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani, pikipiki ikinguruma, maneno yale yalimfuata, kwa sababu hakujua kama lipo. Alikuwa amesema tu.

Alipohakikisha Repeta amelala, alifungua sanduku. Akatoa foronya, akatoa vitambaa vya maua, akatoa shuka za wageni, na chini kabisa akakuta kitambaa cha manjano, kikubwa, kimekunjwa vizuri. Alipokikunjua sakafuni akaona majani ya kijani, mapana, yenye vidole virefu, yamekwisha kukatwa na kupangwa na kushikizwa kwa nyuzi nyeupe. Majani ya mshelisheli. Hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Repeta alikuwa amelikata kabla ya kuugua, akiwa na mikono yake miwili na akili yake nzima, na hakuwa amehesabu chochote. Kaukura akakaa pale chini, mzee mzima, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka kuku wakatazama mlangoni.

Kisha akakumbuka kwamba tivaevae lililokatwa si tivaevae lililoshonwa.

Kuwaita kina mama hakuthubutu. Alikumbuka kile kilio. Kwa hiyo siku ya pili akaenda kwa jirani, Mama Tepaeru, kiongozi wa kikundi, akiwa na suruali mkononi.

"Pindo limefumuka," alisema. "Nifundishe."

"Iache hapo nitakushonea."

"Nataka kujua mwenyewe."

Mama Tepaeru alimtazama juu ya miwani. "Umri huu ndio unataka kujua pindo? Haya, kaa. Vaa subana. Si kidole hicho, Papa, hicho cha kuelekezea watu njia. Hiki. Sasa chukua uzi mdogo wa nguo ya chini, mdogo wa nguo ya juu, vuta taratibu. Uzi usionekane. Ukionekana watu watajua ulishona ukiwa na njaa."

Alirudi kesho yake na suruali nyingine, na kesho kutwa na nyingine, mpaka Mama Tepaeru akamuuliza kama anavaa suruali au anazifuga. Mkono uliozoea usukani wa greda ulijichoma kwanza, ukavuja damu, halafu taratibu ukatulia. Na hapa nitasema jambo ambalo mwenyewe hakumwambia mtu. Alipenda. Alipenda sindano inavyotokea pale pale inapotakiwa, alipenda kuona mishono imejipanga nyuma yake imenyooka. Tangu aache greda hakuwa ameacha nyuma yake kitu kilichonyooka.

Basi akalichukua lile tivaevae, akalihamishia kwenye banda la magimbi, akatandika mkeka safi. Kila mchana Repeta alipolala, yeye aliingia bandani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alitazama kazi yote kwanza kama alivyokuwa akitazama barabara mpya, akatafuta kamba iko wapi, akaiona: zile nyuzi nyeupe za Repeta, zilizozunguka kila jani kwa ndani kidogo ya ukingo. Mstari safi, unaingia kila kona ya kila kidole cha jani. Akafurahi. Mkewe alikuwa amemwekea vigingi. Akaufuata mstari ule kwa mishono midogo kuliko yote aliyofundishwa, si kulia, si kushoto.

Kwenye tumunu walianza kumshuku. Ngarima, mgawaji wa pombe, ndiye aliyeona vidole alipokuwa akimpa kikombe.

"Papa, umepigana na paka?"

"Miba ya michungwa."

"Michungwa gani yenye miba midogo hivyo? Na huu uzi wa kijani sikioni ni wa mchungwa pia?"

"Kunywa pombe yako, Ngarima."

"Mimi ndiye nakupa wewe. Jamani, Papa ana mpenzi mshonaji."

Duara zima likacheka, na Kaukura akaona afadhali. Aitwe mzinzi kuliko aulizwe zaidi.

Siku moja mchana, akiwa bandani amekalia kigoda, tivaevae limejaa mapajani na uzi uko mdomoni, simu ikalia. Alikuwa Mareta.

"Papa, uko na nafasi? Sikiliza. Nimeongea na shangazi Teremata."

Kaukura akaguna. Alijua hakuna jema litakalofuata.

"Nilitaka kukwambia msihangaike na tivaevae. Mama anaumwa, na wewe umechoka. Halafu mimi naelewa, Papa. Kweli naelewa. Yale ni ya watoto wake. Nyie mmenilea, mmenisomesha, mimi sidai kitu kingine."

Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu aliyejizoesha maneno mbele ya kioo. Na Kaukura alikuwa na jibu zito la manjano na kijani juu ya magoti yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ule ulimkata kwelikweli.

"Huko kunanyesha?" alimuuliza.

"Kunanyesha, Papa."

"Hapa pia," alisema. Hapakuwa hata na wingu.

Baada ya simu ile alishona kwa hasira. Alikwenda bandani hata kabla Repeta hajalala sawasawa. Magimbi yakamezwa na magugu shambani bila kupaliliwa, na nguruwe akavunja uzio akasamehewa. Hatimaye ikafika siku aliyozunguka kidole cha mwisho cha jani la mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Alilitandaza lote akalitazama, moyo ukamjaa. Mishono haikuonekana. Hakuna aliyeshona akiwa na njaa.

Akalibeba mpaka barazani, Repeta alipokuwa ameketi anapunga upepo, akaliweka magotini pake.

"La Mareta," alisema. "Limekwisha. Nimelishona mimi."

Repeta akaliangalia. Mkono wake wa kushoto ukatambaa juu ya jani, ukafika ukingoni, ukasimama. Ukarudi, ukafika tena ukingoni. Akavuta kitambaa karibu na macho. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Kisha uso wake ukakunjamana, mabega yakaanza kutikisika, na kifuani ikatoka sauti ambayo Kaukura hakuwahi kuisikia, kama pampu inayovuta hewa bila maji.

"Repeta? Mama? Repeta!"

Alifikiri ni kiharusi cha pili. Akaruka uzio ambao magoti yake yalikuwa yameukataa kwa muda mrefu, akamwita Mama Tepaeru, na Mama Tepaeru akaja mbio na mikono ina unga. Alimshika Repeta uso, akamtazama machoni, kisha akalitazama lile tivaevae. Akashika ukingo wa jani kwa vidole viwili. Akakaa chini polepole.

"Papa," alisema, "huyu haumwi. Huyu anacheka."

Na kweli alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka, mdomo umekwenda upande, anacheka. Hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka tangu siku ile ya maua. Kaukura akakaa kwenye ngazi ya baraza, akashika kichwa, akapumua mpaka pumzi ikarudi mahali pake.

"Anacheka nini?" aliuliza alipoweza.

"Anakucheka wewe. Hizi nyuzi nyeupe, Papa, ni bandi. Mtu anapiga bandi ili kitambaa kisitembee, basi. Halafu unakunja ukingo ndani, unashona pale pale ukingoni, na bandi unaitoa unaitupa. Wewe umeshona juu ya bandi. Umeshona vizuri, sijaona mwanafunzi wangu yeyote aliyeshona hivi. Lakini ukingo wote umeuacha nje. Tazama unavyochambuka. Ukifuliwa mara moja tu, majani haya yatakuwa manyoya ya kuku."

"Lakini si mstari ulikuwapo?"

"Mstari ulikuwapo."

"Nikaufuata."

"Umeufuata, Papa. Mungu anajua umeufuata."

Kaukura alitaka ardhi ipasuke. Krismasi ilikuwa inabisha hodi, ndugu walikuwa wamekwisha kukata tiketi, na kazi yake yote ilikuwa ya kufumuliwa. Alitaka kulichukua alirudishe sandukuni, Teremata aseme atakalo. Akanyoosha mkono. Repeta akaupiga ule mkono.

"Hapana," alisema.

Kisha akainamisha kichwa, akauma uzi mmoja kwa meno, akauvuta kwa mkono wa kushoto, na mshono mmoja wa Kaukura ukatoka. Akavuta mwingine. Akainua uso, akahangaika na ulimi wake kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, na neno la tatu likatoka.

"Fumua."

Mama Tepaeru akaanza kulia yeye sasa. Kaukura akalia pia, kwa nini asilie, na unga wa Mama Tepaeru ukawa umempaka kila mtu.

Kushona hutaka mikono miwili, lakini kufumua mkono mmoja na meno vinatosha. Kuanzia siku ile Repeta alifumua, na Kaukura akashona upya nyuma yake, akikunja ukingo kwa ncha ya sindano kama alivyofundishwa sasa waziwazi. Akikosea, Repeta alimgonga utosini kwa subana. Siku ya tatu Repeta mwenyewe akamwonyesha Mama Tepaeru kwa kidole upande wa ukumbi wa kijiji, kikundi kinakoshonea, na Mama Tepaeru akaelewa; kina mama wakaja wote na sindano zao, wakaketi barazani kulizunguka lile tivaevae, na hakuna aliyejifunika shuka. Repeta alikaa katikati. Hakushona, lakini mshono mbaya haukumpita. Neno "fumua" lilipata kazi sana wiki zile.

Habari haikukaa. Ijumaa ile Kaukura alipoingia tumunu, wenzake walisimama wote wakavua kofia.

"Karibu, fundi," alisema Ngarima. "Tumesikia umechonga barabara safi sana. Tatizo ni kwamba haikuwa barabara, ilikuwa kamba."

"Cheka tu."

"Sicheki bure. Mke wangu ameniuliza kwa nini mimi sishoni. Umetuharibia kisiwa, Papa."

Akampa kikombe cha kwanza, ambacho kwa desturi hapewi mtu hivi hivi, na Kaukura akanywa akitabasamu. Hakuwa na la kuficha tena, na hilo peke yake lilikuwa raha.

Palibaki jani moja. Lilikuwa pembeni, karibu na kona, bado lina mishono ile ya kwanza na ukingo wake umesimama nyuzi nyuzi. Kaukura alipolifikia, Repeta alilifunika kwa kiganja.

"Hapana."

"Mama, limebaki hili tu. Toa mkono."

"Hapana."

"Teremata ataliona. Unamjua macho yake. Ataona hili kabla hajamwona bibi harusi."

Repeta hakuondoa mkono. Kaukura akambembeleza, akanuna, akamletea chai, akajaribu kulivuta alipopitiwa na usingizi, akakuta hajalala. Mama Tepaeru akamwambia aache, mwenye tivaevae ameshasema. Ikabidi likunjwe hivyo hivyo, na Kaukura akalala na wasiwasi wake mpaka siku ya harusi.

Siku hiyo ukumbi wa Areora ulijaa mpaka dirishani. Nguruwe walikuwa wametoka kwenye tanuri la mawe, majani ya magimbi yalikuwa yanaelea kwenye tui, na Mareta alikuwa ameketi mbele na mumewe, shada la maua kichwani, mabega wazi. Alikuwa anatabasamu kwa kila mtu. Kaukura, aliyemlea, aliona kwamba ni tabasamu la mtu ambaye hatarajii kitu na ameshasamehe.

Watu wa upande wa bwana harusi walileta zawadi zao. Kisha Mama Tepaeru akasimama na mtoto mkubwa wa Kaukura, Teokotai, kila mmoja ameshika pembe, wakalikunjua.

Rangi ya manjano ikajaa ukumbini. Mareta akayaona majani. Akatazama, akatazama tena, akaweka mkono mdomoni.

"Mshelisheli wangu," alisema, na sauti ile laini ya kujizoesha haikuwapo tena.

Wakamfunika. Watu wakapiga makofi, kina mama wakaanza wimbo, na Kaukura akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mlangoni pa kanisa. Lakini Teremata alikuwa amekwisha kusogea na miwani yake. Aliinua ukingo, akaugeuza, akapapasa, hakupata kitu. Akahamia ukingo mwingine. Akafika konani.

"Na hili je?" alisema kwa sauti. "Limechambuka hili. Wifi hajawahi kutoa kazi namna hii. La huyu ndilo likosewe?"

Wimbo ukafifia. Kaukura akatazama viatu vyake. Repeta, kwenye kiti chake cha mbele, akainua mkono wa kushoto akamnyooshea kidole mumewe.

"Yeye," alisema. Akahangaika kidogo, kila mtu akimngoja. "Yeye. Peke yake."

Mareta akageuka. "Papa? Wewe ndiye uliyeshona?"

"Nilifuata mstari," alisema Kaukura.

Kicheko kikaanzia kwa kina mama wa kikundi, na Mama Tepaeru akasimulia mambo yote pale pale, suruali, banda, bandi na kuruka uzio, watu wakashika mbavu. Mareta hakucheka. Alikuwa ameshika lile jani, anapitisha kidole kwenye nyuzi zilizosimama.

"Ulikuwa unashona tangu lini?"

"Siku ile uliyopiga simu," alisema Kaukura, "nilikuwa nalo mapajani."

"Halafu ukaniuliza mvua!"

"Ningesema nini? Uzi ulikuwa mdomoni."

Hapo Mareta akacheka na kulia kwa pamoja, akamvuta baba yake akamwingiza ndani ya tivaevae kama mtoto, shada likaanguka, na kwa mara ya kwanza ndipo Kaukura alipoelewa kwa nini kiganja cha Repeta hakikutoka juu ya jani lile. Teremata akavua miwani. Akaenda kugawa nyama.

Teokotai alikuwa bado ameshika pembe yake, ameinama analitazama lile jani bovu kwa makini.

"Mama," alisema, "mbona langu halina jani la Papa?"

"Wala langu," alisema dada yake kutoka nyuma.

Mareta akajifuta machozi kwa pembe ya manjano, akamtazama kaka yake mkubwa kutoka juu mpaka chini.

"Pole, kaka," alimwambia. "Wewe ulizaliwa tu. Vumilia."

Repeta akacheka ile pampu yake mpaka ukumbi mzima ukamgeukia. Kisha akaomba chai.